Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla sijazika mtu. Tunakaa jirani na kambi ya Lukole, na tangu wakimbizi waje miti imekwisha, wao wanakata na sisi tunakata, sasa kuni nanunua kwa Nimpaye, mama wa Kirundi wa kambini, tita moja kwa makopo mawili ya maharage, na tita lenyewe halifiki siku mbili. Mama mkwe wangu amepooza upande mmoja, hawezi maji baridi, nami nimepiga hesabu hadi kichwa kinauma, kuchemsha maharage kunakula nusu ya tita, maji ya mama robo, uji wa watoto kidogo, na maji ya Laurian mume wangu ya kuoga alfajiri siyahesabu kwa sababu ni ya mwenye nyumba, basi kuni hazitoshi na sasa nalipa kwa maharage ya mbegu, kwa hiyo wiki hii nimeanza kumpangusa mama kwa maji baridi huku namwambia kuni zimelowa. Anauma shuka tu. Juzi ameanza kukohoa, Laurian ananiuliza nimemfanya nini mama yake, nami nimenyamaza. Nifanyeje?

Eustakia, Ngara

Marahaba, Eustakia, na pole sana. Nimpaye usimlaumu, naye anahatarisha maisha porini kwa ajili ya hayo maharage. Lakini hesabu yako imenikasirisha. Umepima sufuria ya watoto, umepima beseni la kikongwe asiyeweza kujigeuza kitandani, halafu ndoo ya mwanamume mzima mwenye afya zake ukairuka! Nani alikufundisha kujumlisha hivyo? Mume kuwekewa maji ni heshima, sawa, ila hakuna aliyesema yachemshwe kwa kuni za mgonjwa.

Mpeleke mama zahanati leo, kikohozi cha mtu wa kulala kitandani kutwa si cha kusubiri. Maharage yaloweke usiku kucha, na sufuria uifunike. Maji ya mama yaanike juani asubuhi kwenye debe lenye masizi, umwogeshe saa nane mchana, utayapasha kidogo tu. Laurian aoge baridi.

Na umwambie ukweli wote, hata ule uongo wa kuni kulowa. Atafoka, mwache afoke. Ukiendelea kunyamaza, kuni utazipata nyingi tena za bure, majirani watakuletea msibani.