Mgonjwa Yuko Uvunguni

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimeumbuka mpaka basi.

Si unamjua kware wangu, yule aliyevunjika mguu? Jana nilimwomba bosi ruhusa, nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Sikusema ana manyoya.

Leo ofisi nzima imebisha hodi na matunda, wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Ofisi nzima, nakwambia.

Na mgonjwa mwenyewe yuko kwenye boksi la viatu, mguu nimeufunga kwa kijiti cha meno. Ningewaonyesha nini? Nikamkimbilia mama mkwe: "Mama, nisitiri, jilaze kidogo." Boksi nikalisukuma uvunguni.

Akajilaza. Tena aliugulia kuliko mgonjwa wa kweli. Bosi akamshika mkono, akamwombea mpaka machozi yakamtoka. Katikati ya maombi kware akalia huko chini.

Mama mkwe akasema, "Ni kifua hicho, wanangu."

Kifua, mwenzangu. Bosi kaniongezea ruhusa nimuuguze.

Sasa wameondoka. Kware anachechemea sebuleni, anakula vizuri. Mama mkwe ndiye hashuki kitandani. Nimemwambia, "Mama, wageni wameenda, amka."

Kanijibu, "Kware umemuuliza hali wiki nzima. Sasa ni zamu yangu."