Wimbo wa Nne

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na sauti haijakauka kwa kuimba. Huku tunapumua, na kwa wiki hii hilo linatosha.

Hongera kwa albamu yako ya kwanza. Fundi simu aliweka spika nje ya kibanda chake, akazipiga nyimbo zote nane kutwa nzima. Watu walisikia habari zao humo wakafurahi. Mshona viatu, yule aliyekimbiwa na bibi harusi, alicheka mpaka akajichoma sindano, akawatangazia wateja kwamba sasa yeye ni staa, wamsemeshe kwa adabu. Hakuna aliyejua kwamba hadithi zote nilikutumia mimi, ninayeshindwa hata kuitikia jina langu darasani.

Tatizo ni wimbo wa nne, wa muuza nyama anayemvunja mkewe mkono kwa mchi, kisha anakwenda dukani akitabasamu. Mji huu una muuza nyama mmoja.

Siku ya kwanza walimzomea tu. Siku ya pili mtu akamuuliza mbele ya wateja kama leo anauza ng'ombe au mke. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, walimburuta nje kwa miguu. Nilikuwa kwenye foleni, nimetumwa maini. Walimpiga kwa mbao za uzio na kwa jiwe la mizani yake mwenyewe. Nilisikia taya likivunjika. Ni sauti ndogo kuliko unavyodhani. Wakamkanyaga mkono wa kulia, wakisema ndio huo, mpaka vidole vikageukia nyuma. Spika ilikuwa inaendelea kuimba. Mkewe alijitupa juu yake akiapa kwamba mume wake hajawahi kumpiga hata kofi. Kina mama wakamvuta pembeni, wakamwambia pole mwenzetu, tunajua umefundishwa kusema hivyo.

Pigo la kwanza lilikuwa la Baba. Alisema mwanamume anayempiga mkewe si mtu. Watu walimshangilia, maana ndiye baba wa mwimbaji.

Muuza nyama yuko hospitali. Jicho moja limetolewa, na mkono daktari hana hakika nao.

Dada, zile barua nilikuandikia kwa lugha ya shule, kwa sababu kwa lugha ile maneno hayanichomi, hata yakiwa ya uongo. Leo naandika kwa hii tunayolia nayo nyumbani. Mkono uliovunjwa ni wa Mama. Mchi ni wetu. Wewe ulikuwa umeshaondoka, ukaambiwa aliteleza bafuni. Nilitaka ujue, nikaogopa kumtaja Baba, nikatafuta mtu wa kumbebesha. Nilimchagua yule kwa sababu kutwa anashika kisu. Hajawahi kunisemesha vibaya. Sikufikiri kwamba hiyo nayo utaiimba.

Jana nilikwenda wodini nikamwambia mkewe yote. Akaniambia nimwondoe Mama nyumbani kabla yeye hajalisema hili kwa watu. Amenipa mpaka Ijumaa.

Sasa hivi Baba yuko kwa kinyozi, anasifiwa. Mama anakunja nguo. Barua hii anaibeba dereva wa basi la mchana. Sisi tutapanda la kesho asubuhi. Usipotuona stendi, njoo na polisi, gitaa liache.

Wasalimie wenzako wa bendi. Mama naye anakusalimu, anasema nywele zako kwenye picha ya kasha la albamu ni fupi mno.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya