Ngolo Zako Zimeingia Kanisani

Mama,

Shikamoo. Ulinizoesha vibaya, siwezi kusema neno na wewe kabla ya salamu, hata huko uliko.

Sasa sikia. Ngolo zako zimeingia kanisani! Yale mashimo ya mteremkoni uliyoyachimba kwa jembe lako, Jumapili iliyopita kina mama wote wa kigango waliyavaa. Na mimi niliyeyachora, kwa ile kompyuta uliyoiita televisheni isiyo na taarifa ya habari, nilikaa benchi la nyuma nikijizuia nisipige kigelegele katikati ya mahubiri.

Baada ya kukuzika, wenzako wa chama cha kina mama walisema wanataka kitenge chao wenyewe. Siku hizi maduka ya Mbinga yamejaa vitambaa, si kama enzi zile za kupanga foleni, lakini maua ni yale yale na kila kigango kinayo. Mzee Hamadi wa duka la vitambaa akasema kiwanda Dar es Salaam kinachapa pambo lolote, mradi lipelekwe kama kipande kimoja cha mraba kitakachojirudia kitambaa kizima. Kazi akanipa mimi wa stesheneri, pamoja na kamera yake.

Nilianzia Mbamba Bay, ziwani. Nikapiga picha nyavu, nikapiga usipa, wale dagaa wetu, walioanikwa mchangani wakimeta, nikarudi mlimani najisifu. Mama Kordula, jirani yako, alitazama akauliza kama nataka paka watusindikize kwenye komunyo. Usipa wakaishia hapo.

Ndipo nikaenda kusimama mlima wa pili, nikalitazama shamba lako. Ngolo za mwisho ulizochimba zilikuwa bado zipo: matuta yanakatana, shimo katikati, tuta, shimo, mteremko mzima. Nilipiga picha huku nalia. Ule ulikuwa mkono wako, Mama.

Nikakata mraba, tukaupeleka. Sampuli ikarudi na aibu. Kila kipande kilipokutana na mwenzake palikuwa na mstari, tuta limekatika, shimo limepasuliwa, kama kiraka kwenye kaptula ya shule. Nikarekebisha pembeni, ikazidi kuharibika. Mzee Hamadi hakunikaripia. Alisema tu, kwa upole wa watu wa pwani, kwamba kiwanda hakisubiri na wiki ijayo ataagiza maua.

Nikaona dawa ni kupiga picha nyingine. Nikapanda gari hadi nyumbani, nikamkuta wifi Skola, mke wa kaka, shambani na jembe. Alikuwa ameshafukia ngolo zako karibu zote, anachimba mpya. Nilitaka kumnyang'anya lile jembe. Msimu ulikuwa umefika, maharage hayangoji kilio cha mtu, nalijua hilo. Lakini pale niliona unazikwa mara ya pili.

Wifi aliniangalia, akasema: "Nafanya alivyotufundisha mama. Tuta la zamani ndilo shimo jipya."

Maneno yako hayo. Nikakaa chini kwenye nyasi, hasira ikanitoka kidogo kidogo. Pale matuta yako yalipokatana, ndipo alipochimba shimo. Pale palipokuwa na shimo lako, ndipo matuta mapya yalipokatana. Shamba zima lilikuwa limesogea nusu kwenda kando na nusu kushuka, wala usingeweza kuona kazi yako imeishia wapi na yake imeanzia wapi.

Nilirudi Mbinga na gari la kwanza. Nikaisogeza picha ya shamba lako vivyo hivyo, nusu kando, nusu chini, kilichotokea upande mmoja kikaingilia upande wa pili. Ule mstari uliokuwa unajificha pembeni ukaja katikati, umekaa kama msalaba, mahali ninapoweza kuufikia. Kingo zikawa sehemu ambazo mwanzo zilikuwa katikati, zinaungana zenyewe. Nikachukua nyasi kidogo hapa, udongo kidogo pale, nikaufukia msalaba ule kama ulivyonifundisha kufukia nyasi chini ya matuta ya ngolo, bila kuacha jani nje. Nikapanga vipande kioo kizima cha kompyuta. Nikautafuta mshono, sikuuona.

Mzee Hamadi naye aliutafuta kwa kidole kwenye sampuli mpya, mwisho akacheka. Akasema, "Mwanangu, mlima huu hauna mwisho."

Kwa hiyo Jumapili, kina mama waliposimama kuimba, tuta lililoanzia mgongoni kwa Mama Kordula liliendelea kwa aliyefuata, hadi ukutani. Mlima wako ulisimama, Mama, ukaimba. Nimefurahi mpaka naona haya.

Na wewe walikuagizia doti yako. Hawakuuliza mtu. Mama Kordula alinikabidhi akisema jina lako halijafutwa kwenye chama. Nimeivaa hapa ninapoandika.

Kwaheri, Mama, pumzika mgongo wako. Ngolo za wifi zikifikia kufukiwa, nitakuja na jembe lako nichimbe pale matuta yake yanapokatana. Picha yake nitakuwa nimeshaipiga.

Mwanao,
Oliva