Ile Siki Acha Kuitumia

Ngorongoro, mwishoni mwa Julai, baridi kali

Dada Paulina mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na uitikie hata kama mdomo umejaa ugali. Hamjambo hapo nyumbani? Ng'ombe je, na Mama na magoti yake? Mimi ni mzima. Ukungu umetufunika wiki nzima, wageni wa hoteli wananung'unika hawaioni kreta, nasi jikoni tunawachemshia supu tu.

Barua yako imenitoa jasho kwenye baridi hii. Umeandika kwamba unajiosha kwa ile siki asubuhi na jioni, inachoma sana, lakini unavumilia kwa sababu "Eliza hawezi kunidanganya." Dada, nimekudanganya. Sikukusudia, ila nimekudanganya. Leo hii kaimwage, au uitie kwenye kabichi.

Ilikuwa hivi. Uliponiambia damu inatoka tena, na hedhi ulishaiaga miaka mitatu sasa, nilimuuliza Magdalena anayefua mashuka hapa hotelini. Akasema, "Mie hospitali kule Karatu walinipaka siki tu, wakaniambia niko safi. Siki ndiyo kiboko yake!" Nami na ujuaji wangu nikamwomba mpishi chupa moja, nikampa kondakta wa basi akuletee. Kuuliza mara ya pili sikuuliza.

Juzi, siku yangu ya mapumziko, nikashuka Karatu nipimwe mwenyewe. Nilipopanda kile kitanda cha kupimia nilitamani ardhi ipasuke. Nesi, mama mtu mzima, akanitania, "Mficha uchi hazai, mwanangu." Nikamjibu nimeshazaa watatu, sasa naruhusiwa kuuficha. Tukacheka. Kisha nikamweleza yote, pamoja na hizi dawa tunazomeza mimi na wewe bila Mama kujua. Hapo hakucheka tena.

Alisema mlango wa kizazi hupata kirusi kingine, si hiki chetu. Mwanamke mwenye kinga imara, mara nyingi mwili wake hukifukuza wenyewe. Kwetu sisi ambao kinga yetu ilishuka, kinang'ang'ania, na pale mahali panaweza kuharibika na kugeuka saratani upesi kuliko kwa wengine. ARV zinatusaidia sana, tusiruke hata siku moja, ila hazituondolei haja ya kuangaliwa. Unaweza kunenepa na kulima ekari nzima, kumbe huko ndani kuna jambo. Na siki? "Siki ni tochi, siyo dawa," akasema. Wakiipaka, sehemu mbaya inageuka nyeupe, wanaiona. Kujiosha nayo ni kujiunguza bure.

Yangu iligeuka nyeupe, dada. Niliogopa, nikalia pale pale. Wakaigandisha kwa kifaa chenye baridi kali, dakika chache tu, nikashuka kitandani kwa miguu yangu. Majimaji bado yananitoka kama walivyonionya, yataisha. Sasa nabeba sufuria zangu kama zamani, na mwakani narudi kuangaliwa.

Lakini nilipotaja damu yako, nesi aliweka kalamu chini. "Huyo asisubiri." Damu baada ya hedhi kukoma lazima daktari aione. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa kubwa, na hakuna wa kukisia: si yeye, si Magdalena, si mimi. Wakituandikia rufaa ya hospitali kubwa ya Moshi, tutakwenda Moshi, na nitalala chini ya kitanda chako wakinikubalia. Najua utasema nani atamwangalia Mama, na mahindi je. Mama ana wajukuu. Mahindi yatavunwa.

Nisalimie Mama. Nisalimie na kaka yetu fundi baiskeli, binti yako anayefundisha watoto wa chekechea, na yule jirani wa kwaya anayetaka kujua kwa nini siolewi tena.

Nimeomba ruhusa Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Tangu saa nne nitakuwa stendi ya Karatu, na gari la Mbulu likiingia nitasimama mlangoni. Usiposhuka, nitapanda hilo hilo likigeuza, nije kukuchukua. Na Mama akiniuliza nimefuata nini, nitamwambia. Nitaanza na siri yangu.

Mdogo wako akupendaye, na safari hii hatanii,
Eliza