Kamba ya Mbuzi Aliyelala Jikoni

Butembo, tarehe 14 Oktoba 2001

Mpendwa mdogo wangu Gracien,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Liège? Habari za baridi? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua mwezi wa Agosti, kimetulia, au bado unakitibu kwa chai na ubishi? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imeshika vizuri, mgongo wangu unauma kama kawaida yake, na mke wako Emérence amenenepa kidogo, ingawa amenikataza nisikuandikie hivyo.

Barua yako na picha vilitufikia kwa mkono wa Muyisa, yule mchuuzi wa vitenge anayekwenda Kampala. Wasingya, asante sana. Picha ya theluji imezunguka mtaa mzima na imerudi na alama za vidole vya mafuta. Watu wanauliza kwa nini unasimama ndani ya kitu kile huku unacheka.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeandika kwamba darasani mnabishana kama magenge ya wauza madawa ya kulevya yatadhoofika kwa kupigwa na jeshi, au kwa serikali kuruhusu bidhaa yao iuzwe wazi. Umesema ukivuka mpaka kutoka Ubelgiji kuingia Uholanzi unaona watu wananunua bangi dukani kama sukari, na hakuna anayempiga mwenziwe risasi. Umeniomba nikueleze kwetu ikoje, kwa kuwa milima ya Luofu imejaa bangi. Nitakueleza, lakini si kwa faida ya darasa lako. Bangi hiyo imefika mlangoni kwako ikitembea kwa miguu minne, na Bénie wetu yuko karibu kuozwa kwa ajili yake.

Unamkumbuka Bénie, binti wa kaka yetu Lusenge. Ulipoondoka alikuwa mtoto wa shule, sasa ni msichana kamili, analima maharage yake na kuyauza mwenyewe. Anayemposa ni Eliezer, mwana wa Melchior. Na huyo Melchior ndiye genge unalolisoma vitabuni. Anakusanya bangi ya milima yote ya kule, ana vijana wenye bunduki, anawauzia maaskari wa kila upande bila ubaguzi, na inayobaki anaivusha Uganda kwa njia ya Kamango.

Nianze na jeshi. Mwaka juzi mkubwa wa maaskari aliyekuwa hapa mjini alipandisha watu wake Luofu kuchoma mashamba ya bangi. Walichoma kweli. Kwa kuwa watu huipanda katikati ya maharage na mahindi, vyote vikaungua pamoja, na shamba la Lusenge likabaki jeusi kutoka juu hadi kijitoni. Watu wa mjini walisema kijiji kizima kililewa kwa moshi. Uongo mtupu, walikohoa tu, na baadaye wakalala njaa.

Ghala la Melchior halikuguswa. Alipewa habari mapema, akaficha magunia yake chini ya viazi. Bangi ya wengine ilipokwisha kuungua, yake ikawa adimu kama chumvi, na kila mwenye shamba lililochomwa akaenda kwake kuomba kazi. Hivyo ndivyo alivyopata vijana wengi kuliko zamani. Maaskari nao walishuka na mizigo mgongoni, na sisi wa sokoni tulijua ni mizigo gani, kwa sababu wiki iliyofuata waliiuza wao wenyewe. Basi kuhusu jeshi usiniulize tena, maana nikianza kusema nitachafua barua.

Baadaye akaja mkubwa mwingine mwenye mawazo kama yako. Alitangaza kwamba kila mtu alime na kuuza wazi, kama tumbaku, mradi apate karatasi yenye muhuri. Hapo nakupa haki yako, mdogo wangu, maana mambo yalibadilika. Kila mtu aliileta sokoni, bei ikaanguka kama ya kabichi wakati wa mvua, na vijana kadhaa wa Melchior wakarudi kushika jembe. Tulianza kupumua. Mimi mwenyewe nilisema, kumbe dawa ilikuwa rahisi hivi.

Lakini Melchior hakulala. Alikuwa amepoteza faida ya jani, ila barabara ilikuwa bado mikononi mwake. Aliwachukua vijana waliobaki, akawaweka kwenye vizuizi, wakaanza kutoza maharage, chumvi, kuku, hata mtu anayepita mikono mitupu. Na kwa kuwa alikuwa na karatasi yenye muhuri, akawa mfanyabiashara wa kuheshimika. Siku hizi anavaa koti misani, anakaa benchi la mbele, na ametoa mabati ya paa la kanisa. Nikimwona anapiga ishara ya msalaba, natazama pembeni nisije nikakosa sakramenti kwa hasira.

Sasa anataka kitu kimoja ambacho hakuna muhuri unaoweza kumpa, nacho ni mlima wa marehemu baba. Unajua njia yetu ndogo, ile inayopita nyuma ya kaburi lake na kutokea upande wa pili. Ndiyo njia pekee iliyobaki ambayo akina mama wanapitisha maharage bila kukutana na kizuizi. Watu wa Melchior hawaikanyagi, kwa sababu ni ardhi ya ukoo na wazee wa mlima wangesimama wote. Lakini mkwe hazuiliwi njia kwenye ardhi ya wakwe zake. Siku Bénie anaolewa na Eliezer, Melchior atapita pale kama kwake, na mwezi hautakwisha kabla hajaweka mti wa kuzuia watu.

Ndiyo maana alileta mbuzi za mahari upesi, hata kabla ya mavuno. Mbuzi wako wewe, baba mdogo wa msichana, aliletwa hapa kwako, kwa mke wako, na kamba ya wenye kuposa shingoni. Emérence alifanya kama inavyotakiwa. Alimfunga nje, kwenye mti wa parachichi, asubiri neno lako. Mnyama mwenyewe ana adabu mbaya, amekula sabuni na upindo wa kitenge kipya cha Emérence, lakini maadamu alikuwa nje, hakuna aliyekuwa amejibu lolote.

Kisha ikatokea ile jioni maaskari walipopita mtaani kwenu wakikusanya mifugo. Mke wako aliogopa, akamwingiza mbuzi jikoni, akamlaza nyuma ya mafiga mpaka kukapambazuka. Asubuhi dada wa mke wa Melchior alikuwa anapita na ndizi zake, akamwona mbuzi anatoka mlangoni ananyoosha mgongo. Kabla ya saa sita soko lote lilikuwa linajua. Na wewe unajua kwetu maana yake ni nini. Mbuzi wa mahari akilala chini ya paa la baba mdogo, baba mdogo amekubali.

Emérence alilia siku nzima. Aliniambia: "Dada, bale basoda bangeibeba, na bantu bangesema tumeuza mbuzi ya mahari. Nilifikiri naokoa kintu ya bantu. Kumbe njo nimeoza mutoto!" Usimgombeze katika barua yako. Angemwacha nje angeibiwa, na lawama ingekuwa ile ile. Mimi nilimgombeza kidogo siku ya kwanza, inatosha kwa familia nzima.

Nilipanda Luofu kuongea na Lusenge. Nilimkuta amekonda, na bado anatembea na woga wa mwaka ule wa moto. Alisema: "Marie-Jeanne, karatasi ya ule muzee Melchior iko na cachet, muhuri ya serikali. Lakini mimi nitakatala na nini? Mimi njo nalala huku juu pamoja na bantoto, nyinyi muko ku muji." Nilikasirika, kisha nikamwonea huruma, kwa sababu alisema kweli. Mwishoni akaniambia kwamba baba mdogo akikataa, yeye atapata pa kujishikiza, atarudisha na zake. Peke yake hathubutu.

Bénie nilimuuliza tukiwa wawili tu, tunachambua maharage. Sikutaka kumwekea maneno kinywani. Eliezer si kijana mbovu, ana sauti ya taratibu, na nakuambia wazi kwamba msichana alikuwa anampenda. Akaniambia hivi: "Shangazi, siku moja nilifika ku barrière, ile kizuizi ya baba yake, na muzigo yangu, nikamukuta yeye njo anakaa mu kiti. Akanipitisha bure, akacheka na mimi. Yule mama mwenye alikuwa nyuma yangu, bakamushusha muzigo yote. Na yule mama hakumuangalia Eliezer, hapana. Aliniangalia mimi." Halafu akaendelea kuchambua. Tangu siku ile hajapita tena barabara kubwa, anapita njia ya baba.

Kwa hiyo waambie wa darasani kwako kwamba jeshi lilimtajirisha Melchior na ruhusa ikamvalisha koti. Sisemi ruhusa ni mbaya. Bila ile karatasi angekuwa bado na vijana wote. Lakini wenye kumwachia barabara ni wale wale wanaotoa amri ya kuchoma na amri ya kuruhusu, na barabara ikibaki kwake atatoza chochote kitakachopita. Siku Lusenge atakapoweza kufikisha maharage sokoni bila kunyang'anywa nusu njiani, bangi yenyewe hataiona ina maana. Hayo ndiyo ninayoyajua, mengine mtayamaliza ninyi na walimu wenu.

Linalotuhusu sisi ni mbuzi. Aliyekwisha kulala ndani hawezi kurudishwa na Emérence, wala na mimi, wala na Lusenge. Wazee wa mlima nimewauliza, wamesema imebaki njia moja. Mwenye mbuzi mwenyewe, yaani wewe uliyeletewa, aivue ile kamba ya wenye kuposa, amfunge mnyama kwa kamba iliyotoka mkononi mwake, na arudishwe nayo. Ukiwa mbali, kamba itumwe, mtu wa damu yako aifunge badala yako. Lakini ifike kabla ya mavuno ya maharage. Mavuno yakimkuta bado yuko uani kwako, hakuna kamba itakayosaidia.

Ninaogopa, Gracien, nisikufiche. Melchior ana bunduki na sisi tuna mbuzi. Ila nimemtazama sana huyu mtu tangu alipoanza kuja misani, nimeona kwamba sasa anaogopa kuchekwa kuliko kufa. Mlima wetu angeweza kuutaka kwa bunduki, lakini aliyerudishiwa mbuzi mbele ya wazee hawezi kupiga risasi bila kila mtu kujua ni kwa sababu alikataliwa. Labda najidanganya. Lakini ningekuwa na mkono wako, ningetuma kamba hata leo.

Muyisa anasafiri kesho kupitia Kasindi. Barua hii ataiposti Kampala, na jibu lako ulitume Kampala kwa jina lake, atalipitia wakati wa kurudi. Usichelewe kwa sababu ya mitihani. Na usiandike kurasa nyingi za kufikiri.

Lusenge anakusalimu sana, anasema umwombee. Emérence anakusalimu kwa namna ambayo siwezi kuiandika mimi dada yako, atakuandikia mwenyewe, naye anauliza habari za visa. Mbuzi naye yuko hapa dirishani ananitazama ninavyoandika. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akupe akili ya masomo na moyo wa nyumbani.

Bénie hakunipa salamu za mdomo. Alinipa hiyo kamba ya mkonge uliyoikuta imekunjwa ndani ya bahasha, na labda ulidhani nimeitumia kufungia barua. Ameisokota mwenyewe, kwa kipimo cha shingo ya mbuzi. Anaomba uishike tu mkononi, halafu umrudishie.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Marie-Jeanne