Jinsi Bi Verla Stokes Alivyofikishwa Harusini kwa Ngazi ya Punda

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA TADLOCK, UTAH
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Colleen Ann Birdwell
Umri: Miaka 49
Kazi: Msusi, mwenye saluni
Makazi: Barabara ya Mill, mjini Tadlock
Tarehe ya maelezo: Jumatatu, 16 Septemba 2019
Mpokeaji wa maelezo: Naibu Sherifu D. Ruelas

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ingawa kiuno kinaniuma kwa sababu ya kucheza.

Kila Ijumaa huenda Nyumba ya Wazee ya Cedar Bench kuwatengeneza nywele akina mama wa huko. Ndivyo ninavyomwona Bi Verla Stokes kila wiki, huyu mwenye miaka tisini na miwili ambaye inadaiwa alitoroshwa. Lakini namfahamu tangu utotoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, kwa kunitupa ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe.

Mjukuu wake, Marnie, alikuwa anaolewa Jumamosi kule juu, kwenye tambarare ya akina Stokes, ambako Bi Verla na marehemu mumewe walianzia maisha yao ya ndoa na kibanda kimoja na ng'ombe wachache. Alhamisi mafuriko yakaikata barabara ya changarawe. Wakati huo wageni wengi walikuwa wameshapanda na mahema yao. Njia iliyobaki ni ile ya zamani ya mwamba tunayoiita Ngazi ya Punda, na wewe mwenyewe, Naibu, unaijua.

Mtoto wake, Orrin Stokes, baba wa bibi harusi, akaamua mama yake asiende. Alisema watamrekodia harusi kwa simu aje kuitazama baadaye akiwa kwenye kiti chake. Nilikuwepo Ijumaa Bi Verla alipoletewa habari hiyo. Alisema, "Mimi sikuzaa simu." Kisha akafungua kabati lake la nguo, na kwa mtu anayemfahamu, hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Mnamo tarehe 14 Septemba, majira ya saa nne asubuhi, nilipita Cedar Bench nikiwa na Thayne Stokes, kaka yake bibi harusi. Yeye alikuwa ameteremka kwa miguu alfajiri ili aniongoze kupanda mwamba. Ndani ya gari nilikuwa na keki, vifaa vya kumsuka bibi harusi, na katoni ya mapambo. Thayne alitaka tu bibi yake amwone alivyovaa suti.

Tulimkuta Bi Verla ameketi kitandani, amevaa gauni la buluu, mkoba mapajani.

"Nitengeneze nywele," akaniambia. Nikamtengeneza. Alipojitazama kwenye kioo akasema, "Haya, twende."

"Bibi, twende wapi?" Thayne akauliza.

"Unadhani nimevaa hivi kwa ajili ya supu ya mchana?"

"Lakini baba alisema..."

"Baba yako nilimbadilisha nepi mimi. Nishike mkono, mjukuu wangu, sakafu hii inateleza."

Tulitoka kwa mlango wa mbele. Muuguzi wa zamu alimuuliza anaenda wapi. Alijibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Harusini!" Muuguzi akacheka, akasema, "Unisalimie bibi harusi." Wiki nzima Bi Verla alikuwa akiwaambia watu kwamba anaenda harusini, na wiki nzima walikuwa wakimjibu hivyo hivyo. Simlaumu Bi Lindqvist, meneja, kwa kupiga simu polisi. Alikuta kitanda kitupu, na angekuwa meneja wa ajabu kama asingeogopa. Ninachosema ni kwamba Bi Verla hakunong'ona.

Nilijua Orrin atakasirika. Nikawasha gari hata hivyo.

Gari langu ni la zamani, linavuta kwa magurudumu yote manne, na difu ya nyuma, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, ina kufuli la hewa. Kwa ajili ya yeyote atakayesoma: chini ya boneti kuna kompresa ndogo ya kusukuma hewa. Ukibonyeza swichi, vali inafunguka, na hewa inapita kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya difu, ikayafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Bila kufuli hilo, gurudumu moja likiinuka hewani, hilo ndilo linalozunguka bure, na mwenzake aliyekanyaga mwamba anatulia tu kama mkwe aliyekuja kula.

Ngazi ya Punda ina vidato vitatu, yaani vipandio vya mwamba. Cha kwanza tulikipanda bila shida. Kwenye cha pili gurudumu la nyuma la kushoto likanyanyuka. Nikabonyeza swichi, nikakanyaga mafuta. Gurudumu likazunguka bure, mawe yakaruka, na gari likaanza kurudi nyuma huku likiteleza kuelekea kulia. Kulia hakuna kitu. Kuna hewa, na mbali kule chini kuna vichwa vya miti.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Thayne, aliyekuwa mbele akiniongoza kwa mikono, aligeuka rangi ya chaki. Kutoka kiti cha nyuma nikasikia, "Colleen, mwanangu, keki inahama."

Nililirudisha gari pole pole hadi kwenye kijukwaa kilichopo kati ya kidato cha kwanza na cha pili, Thayne akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kurudi chini kinyumenyume kwenye kidato cha kwanza nikiwa na mzee ndani sikuthubutu. Kwenda juu bila kufuli haikuwezekana. Mtandao wa simu hakuna pale. Harusi ilikuwa saa tisa, na jua lilikuwa limeanza kuuma.

Thayne akasema akimbie juu akawaite wanaume waje wambebe bibi yake. Kwenda na kurudi ni mwendo mrefu juani.

"Wanibebe kama gunia la viazi?" Bi Verla akasema. "Mbele ya wakwe? Tengenezeni gari."

Tulimtoa, tukamkalisha kwenye kiti cha kukunja kivulini mwa gari, tukampa kikombe cha maji ya limau. Nikarudi kusikiliza. Kompresa ilikuwa inanguruma bila kupumzika. Ikiwa nzima, hujaza, hunyamaza. Ikinguruma hivyo ujue kuna mahali hewa inatoroka.

Nikazima swichi ya kufuli, nikaiacha kompresa peke yake. Ikajaza, ikanyamaza. Kwa hiyo yenyewe na vali yake zilikuwa salama. Nikawasha kufuli tena, ngurumo ikarudi pale pale. Nikamwambia Thayne, "Linavuja baada ya vali. Ama ni mpira, ama ni sili inayozuia hewa ndani ya difu."

"Ikiwa ni sili?"

"Ikiwa ni sili, difu nzima inafunguliwa, na tutakula keki hii hapa hapa sisi watatu."

"Mimi naona sawa," akasema Bi Verla, lakini niliona jinsi alivyoushika mkoba wake.

Kila difu ina kimpira cha kupumulia. Sili ikikatika, hewa ya kufuli huingia ndani ya difu na kutokea kwenye kimpira hicho. Nikakichomoa ncha, nikaomba kikombe cha Bi Verla, nikaizamisha kwenye limau. Thayne akawasha swichi. Tukainama wote watatu tukayatazama yale maji ya limau kama watu wanaosubiri ramli. Nilihesabu moyoni. Hakikutoka hata kipovu kimoja.

Thayne alipiga kelele ya furaha, mwangwi ukamrudia kutoka ng'ambo ya korongo. Sili ilikuwa nzima. Basi tatizo lilikuwa kwenye mpira, na mpira ni kitu cha kutengenezeka, mradi ujue umetoboka wapi. Tulizima injini tusikilize mlio, lakini upepo wa korongoni nao unalia vivyo hivyo. Nilipapasa kwa vidole nikakuta tope tu. Kinachotakiwa hapo ni maji ya sabuni, na mimi msusi mzima niliyebeba mabegi mawili ya vifaa nilikuwa na dawa za kila aina za kushikilia nywele na wala tone la sabuni sina.

Thayne akaiangalia ile katoni ya mapambo, akaangalia pembeni.

"Hapana," akasema. "Marnie ataniua."

Ndani ya katoni kulikuwa na vile vichupa vya maji ya sabuni vyenye kijiti, ambavyo wageni hupuliza mapovu kuwapongeza maharusi. Dada yake alikuwa amefunga utepe kwenye kila kimoja kwa mkono wake.

"Dada Colleen, nakuomba. Aliwahi kuninunia mwezi mzima kwa sababu ya sandwichi."

Wakati tunabishana, povu kubwa la rangi rangi likapita mbele ya pua yangu. Bi Verla alikuwa ameshafungua kichupa na anapuliza. "Mapovu mazuri," akasema. "Pakeni."

Tukapaka. Nilianza kwenye vali, nikaja nyuma kidogo kidogo kwa brashi yangu ya rangi za nywele, nimelala chali chini ya gari nikiwa na gauni langu la kuendea harusini. Kichupa cha kwanza kikaisha, na cha pili. Nilifika kwenye difu sikuona kitu, nikaanza kukata tamaa. Bi Verla alikuwa ameinama kwenye kiti chake hadi nikaogopa ataanguka.

"Hapo!" akapiga kelele. "Karibu na nati! Linanenepa, linanenepa!"

Kweli. Pale mpira unapoingilia kwenye difu, chini ya tope kavu, povu lilikuwa linavimba, linapasuka, linavimba tena. Nilipofuta tope niliona ufa mwembamba kama unywele. Nadhani jiwe liliurukia.

Ufa ulikuwa nchani kabisa, kwa hiyo ilitosha kuikata sehemu ile mbovu na kuurudisha mpira mahali pake. Lakini lazima ukatwe sawasawa, ukipinda utavuja tena. Nilitumia wembe wangu mpya wa kunyolea. Thayne akakata kamba ya plastiki iliyoubana mpira kwenye fremu, tukapata urefu wa kuvuta. Pete ya shaba inayoukaza mpira ilikuwa imekwisha kubanwa, nikaweka nyingine kutoka kwenye kisanduku changu cha spana. Nikaingiza, nikakaza nati, si sana. Tukapaka sabuni tena.

"Washa," nikamwambia Thayne.

Kompresa ikanguruma. Ikaendelea kunguruma, nami nikafumba macho. Halafu ikanyamaza.

Tulikuwa tunausikiliza ule ukimya. Nikaangalia povu, halikutikisika. Thayne alininyanyua kutoka chini ya gari akanizungusha na suti yake ikachafuka yote, na Bi Verla akapiga makofi, akasema, "Sasa nipandisheni kabla sijazeeka."

Kidato cha pili tulikipanda pole pole, magurudumu yote yameng'ang'ania mwamba kama makucha. Kwenye cha tatu, kilicho kirefu kama meza, pua ya gari ilielekea mbinguni nikawa naona anga tupu, na huyo mzee nyuma yangu alikuwa anapiga vigelegele na kuikumbatia keki. Tulipotokea juu, alisogea dirishani. Kibanda chake cha zamani kilikuwa pale, kimepambwa maua. Nilimwona kwenye kioo. Alisema, si kwa kuniambia mimi, "Nilidhani nilishapaaga."

Askofu wa kata yao ya kanisa alikuwa ameshasimama, wageni wameketi. Walisikia gari. Marnie aligeuka, akatupa maua yake chini, akaja mbio na viatu mkononi, nywele hazijasukwa. Tulimshusha Bi Verla, tukamkalisha kwenye kile kiti cha kukunja, na sitaeleza walivyolia yeye na Marnie. Orrin alikuja nyuma yake na uso umekunjwa.

"Mama! Nani amekuleta huku?"

"Nimejileta. Hawa ni dereva na fundi."

Orrin akanitazama, akalitazama gari, akatazama ule mwamba tulikotokea. Akavua kofia. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi akakilaza kichwa mapajani mwa mama yake, mtu mzima wa miaka sitini na tano, na mama yake akawa anampapasa kichwa akisema, "Umeota upara, mwanangu, na wala hukuniambia."

Nilimsuka Marnie pale pale kwa dakika chache, harusi ikafungwa. Bi Verla alisimama mwenyewe walipoulizwa nani anamkabidhi bibi harusi, ingawa swali halikuwa lake. Keki ilikuwa imelala upande mmoja, ikaliwa. Kulikuwa na kuku na viazi vya sufuria za chuma zilizofukiwa kwenye makaa.

Wewe mwenyewe, Naibu, ulifika kwa miguu majira ya saa kumi na moja, umelowa jasho, ukamkuta Bi Verla anacheza akiwa amekaa. Ulimuuliza mbele yangu, "Bi Verla, umetekwa?" Akajibu, "Bado. Lakini yule mpiga fidla mwenye masharubu akitaka kuniteka, sitapiga kelele."

Nimeulizwa kama mimi au Thayne tulimlazimisha, tulimdanganya au tulimficha. Hapana. Nimeulizwa kama njia ile ilikuwa ya hatari kwa mtu wa umri wake. Ndiyo, na nilimwambia tukiwa pale kwenye kijukwaa. Alinijibu kwamba hatari anayoijua yeye ni kufa siku ya Jumanne akiangalia televisheni.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya. Nimesomewa, nimeridhika, naweka sahihi.

(Sahihi) Colleen A. Birdwell

MAELEZO YA OFISA: Barabara ya changarawe imefunguliwa leo asubuhi. Nimepanda na Bi Lindqvist, aliyekuja na gari la Cedar Bench kumrudisha mhusika. Mhusika tumemkuta nje ya kibanda akinywa maziwa, afya njema. Bi Lindqvist ameondoa malalamiko yake papo hapo. Ameombwa na mhusika asubiri hadi Jumatano, naye amekubali. Nilipoondoka Bi Lindqvist alikuwa ameketi kando yake, amevua viatu. Napendekeza jalada lifungwe.

D. Ruelas, Naibu Sherifu