Tangazo Lililoingia Bila Hodi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku Ujiji hatujambo. Baba Mdogo goti linamsumbua, ila mdomo haumuumi, kwa hiyo nyumba haijapoa. Nakuandikia kwa sababu nimebadilisha kitu ulichoniagiza mwenyewe kwenye Ungo, na sikupenda nikifanye kimyakimya kama mwizi wa kuku.

Jina hilo ulilitoa wewe. Nilipokuonyesha mara ya kwanza programu yangu ya simu, inayopita kwenye tovuti za magazeti, redio za mkoa na kurasa za vijiji ikakuletea habari zote mahali pamoja, uliitazama ukasema mbona huu ni ungo tu, unapepeta. Nilikuwa nimeshaandaa jina la Kizungu la kujidai. Lilifia palepale jikoni.

Ukawa mtumiaji wangu wa kwanza, na mbishi kuliko wote waliokuja baadaye. Wenzako hutuma maoni kwa kuandika. Wewe uliyapaza kutoka uani, na jirani akajua kasoro za kazi yangu kabla yangu. Herufi ndogo kama chawa. Habari za bungeni zimekaa juu, upepo wa ziwani umetupwa chini, kwani wabunge ndio wanaovua dagaa? Nikarekebisha. Kila toleo jipya uliliita kiraka, ukawa unaniuliza mbele za wageni leo nimeshona wapi.

Simu ulikwenda nayo mpaka mwaloni Kibirizi, kwa wanawake wenzako wanaoanika dagaa, ukarudi na malalamiko yao yote kichwani. Mmoja alitaka habari za Burundi kwa kuwa ndugu zake wako huko. Mwingine alisema kitufe cha kurudi ni kidogo, kidole chake kinabonyeza vitatu kwa mpigo. Uliniigizia hata sauti zao, na yule wa Burundi ulimpatia hasa. Nakumbuka nilicheka mpaka nikasahau kuandika ulichosema, ikabidi uniigizie tena.

Halafu ukaomba sauti. Mikono yako ilikuwa na magamba ya samaki au mawese saa zote za mchana, ukasema simu haishikiki, kwa nini isiseme yenyewe. Nilihangaika nayo wiki kadhaa. Siku ilipokubali nikaweka na jambo ambalo hukuniomba: habari yoyote ya haraka ijisome mara tu inapoingia, hata kama simu imelala. Nilijiona fundi. Matangazo ya vifo nayo nikayahesabu kuwa habari za haraka, maana kwa akili ya kompyuta ni za haraka kweli.

Mimi niliyezaliwa katika nyumba hii nilisahau jinsi msiba unavyoingia ndani ya nyumba. Kwetu msiba hautupwi mlangoni. Anayeuleta hupiga hodi, husalimia, huomba maji, huuliza watoto wameamkaje, mpaka mwenye msiba awe ameketi na mtu ubavuni mwake. Ndipo anaambiwa. Niliyaona hayo tangu mtoto, na yote hayakunijia hata mara moja nilipokuwa naandika kile kiraka.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi. Ulikuwa uani unachambua dagaa, simu iko juu ya kinu. Mjomba, kaka yako wa Kagunga, alikuwa amefariki asubuhi. Wanawe walimpigia Baba Mdogo ili aje kukuambia, naye akawapitia wazee wawili, wakaanza safari ya kuja kwetu kwa miguu, polepole, kama inavyotakiwa. Wakati huohuo kijana mmoja wa Kagunga akaliweka tangazo kwenye ukurasa wa kijiji. Ungo ukaliokota. Ile sauti isiyo na pumzi ikataja jina la kaka yako, jina la baba yenu, ikasema amefariki dunia, kisha ikaendelea na bei ya saruji.

Nilikuwa chumbani, nimefurahi kwamba sauti inasikika vizuri hadi ndani. Mpaka nikakusikia unamwita Mjomba kwa jina lake la utotoni.

Nilikukuta umeketi chini, dagaa wamemwagika. Sikujua nikushike wapi. Na kabla sijasema neno, hodi ikapigwa. Sitasahau ulichofanya, Mama. Ulijifuta uso kwa kanga, ukaniambia nitandike mkeka. Ukawakaribisha wazee. Wakakusalimu kwa Kiha, “Mwidiwe,” ukaitikia. Baba Mdogo akaomba maji, ukanituma nimletee. Wakauliza habari za mvua, ukawajibu. Na alipokuambia hatimaye kwamba kaka yako hatunaye, ulilia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Walipokwenda hakuna aliyejua kwamba walichelewa. Uliwaachia heshima yao, na mimi ukanifichia aibu yangu.

Hukunigombeza. Natamani ungenigombeza. Siku ya tatu baada ya matanga ulinijia na simu mkononi ukasema, “Mwanangu, mashine yako imeingia bila hodi. Ifundishe kusubiri.” Basi tukakaa wote wawili, ukapanga mwenyewe: tangazo la kifo lisisomwe kwa sauti kamwe, na lisionekane mpaka nusu siku ipite, ili anayekuja kwa miguu apate kufika. Ndilo agizo lililodumu kwenye Ungo miaka yote hii. Mwaka jana ulipoondoka wewe, tangazo lako nalo lilisubiri nusu siku kama la mtu mwingine yeyote.

Mwezi huu nikapokea maoni ya mwanamume mmoja wa Kidahwe. Mwalimu wake wa madrasa alifariki hapa Ujiji asubuhi, akazikwa alasiri, kama tunavyozika. Yeye si ndugu, kwa hiyo hakuna aliyempigia. Alitegemea Ungo. Tangazo lilipomfikia watu walikuwa wameshatoka makaburini. Aliandika hivi: “Kutoka hapa ni mwendo mfupi tu wa bodaboda. Ningewahi kumtia udongo. Nani aliwatuma mnifiche?”

Nilisoma maneno yale nikajua jibu. Aliyenituma ni wewe. Nilikukasirikia, Mama, nisikufiche, nikakasirika zaidi kwa kuwa hupo tubishane. Kuliondoa agizo lako nilihisi ni kukuzika mara ya pili, na kuliacha ni kuwanyima watu maziko. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, naifungua kazi na kuifunga.

Nilichofanya mwishowe ni hiki. Ile nusu siku ya kusubiri nimeiondoa. Kimya kimebaki, tangazo la kifo bado halisomwi kwa sauti. Na Ungo hauokoti tena tangazo la kifo kwenye kurasa za vijiji; anayetaka kutangaza huliweka humo mwenyewe, nao unamuuliza kwanza: Ndugu wa karibu wameshaambiwa? Akijibu Ndiyo, linatoka papo hapo. Akijibu Bado, linangoja mpaka arudi aseme Ndiyo. Yule wa Kidahwe nimemwandikia, nimemwomba radhi, nimemweleza habari ya Mjomba. Amejibu kwamba mama yake naye asingekubali kuletewa msiba bila hodi.

Kabla ya kuwapelekea watu kiraka hiki ilibidi nikijaribu, nikaandika tangazo kwa jina lako. Swali likatokea, ndugu wa karibu wameshaambiwa, na kidole changu kikagoma. Maana mimi nilikuwepo, Mama. Nilikuwa nimekushika mkono. Hakuna aliyepiga hodi kwangu, hakuna aliyeomba maji. Wote walidhani najua, nami nilianza palepale kuwapigia wengine simu, na mwaka mzima nimekuwa nikiishi kama mtu ambaye habari bado iko njiani.

Nikabonyeza Bado. Nikaenda kwa Baba Mdogo, nikamweleza kinachonisumbua. Nilidhani atacheka, mzee yule na maneno yake. Alichukua fimbo, akaniambia nitangulie nyumbani. Muda si mrefu nikasikia hodi. Akanisalimu. Akaomba maji, akanywa yote. Akauliza nimeamkaje, kazi inakwendaje, kisha akasogea mkekani mpaka bega lake likagusa langu.

“Mwanangu,” akasema, “mama yako amefariki.”

Nililia mpaka adhana ya magharibi. Ndipo nikarudi kwenye simu, nikabonyeza Ndiyo.

Mola akulaze pema, Mama yangu.

Mwanao kitindamimba